Brooks Stevens: Alitaka vitu vyako vipitwe na wakati, halafu akatengeneza gari la kizamani

Aprili 1964, jijini New York, watu wamejaa kwenye maonyesho ya magari. Chini, kwenye ukumbi mkubwa, kampuni zinaonyesha magari ya kisasa yanayong'aa. Ghorofa ya pili, jirani na kibanda cha kuuza soseji, kuna gari moja limewekwa kama mgeni asiyealikwa.

Gari hilo lina boneti ndefu, taa kubwa za mviringo na mabomba ya chuma yanayotokea ubavuni. Linafanana na gari la mwaka 1928, lakini ni jipya kabisa, limetoka kutengenezwa wiki hizo hizo.

Kampuni iliyotoa chasi yake imelikataa siku chache tu kabla ya maonyesho. Aliyelichora ni mzee wa miaka 52 kutoka Milwaukee, anaitwa Brooks Stevens. Na hapa ndipo stori inaponoga, kwa sababu huyu ndiye mtu aliyejulikana Marekani nzima kwa kusema kwamba kazi ya mbunifu ni kumfanya mteja atamani kipya kabla cha zamani hakijaisha.

Sasa ilikuwaje mtu wa namna hiyo akaishia kuchora gari la kizamani? Twende taratibu.

Mtoto aliyejifunzia kuchora kitandani

Clifford Brooks Stevens alizaliwa Juni 7, 1911, Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Milwaukee ni mji wa viwanda ulio pembezoni mwa Ziwa Michigan. Ni mji wa bia, mashine na pikipiki. Harley-Davidson wametokea hapo hapo.

Akiwa bado mtoto mdogo alipata polio. Miaka hiyo chanjo haikuwepo, na kwa familia nyingi ugonjwa huo ulimaanisha mtoto kutotembea tena. Brooks alikaa kitandani muda mrefu, wenzake wakiwa nje wanacheza.

Baba yake alikuwa mtu wa uhandisi. Hakutaka mtoto akae tu akiangalia dari, akawa anamletea karatasi, penseli na vifaa vya kuunda modeli ndogo. Brooks akaanza kuchora magari, ndege na boti, na hakuacha. Baadaye alirudi kutembea, lakini mkono ulikuwa umeshazoea penseli.

Mwaka 1929 akaenda Chuo Kikuu cha Cornell kusomea usanifu wa majengo. Inasimuliwa kwamba kwenye michoro yake ya majengo alikuwa anaongeza magari mbele, na magari yanatoka mazuri kuliko nyumba zenyewe. Mwaka 1933 akaondoka chuoni bila kumaliza shahada.

Ulikuwa wakati mbaya wa kurudi nyumbani bila cheti. Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, viwanda vinafungwa na watu wanapanga foleni za chakula.

Kazi ambayo watu hawakuijua

Katikati ya miaka ya 1930, Stevens alifungua ofisi yake Milwaukee. Alikuwa anauza huduma ambayo wenye viwanda wengi wa eneo lile hawakuwa wameielewa, yaani kubuni muonekano wa bidhaa za viwandani.

Hebu fikiria unamfuata mzee mwenye kiwanda cha mashine. Biashara imekufa. Unamwambia akulipe wewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, uje ubadilishe sura ya mashine yake. Atakuuliza sura inahusiana nini na mashine.

Jibu la Stevens lilikuwa kwamba inahusiana na kila kitu. Kama pesa za watu ni chache, wataitoa kwa kitu kinachowavutia.

Mfano wake maarufu ni mashine ya umeme ya kukaushia nguo. Kampuni ya Hamilton ya Wisconsin ilikuwa imeunda mashine inayofanya kazi vizuri, lakini kwa nje ilikuwa boksi tupu la bati. Stevens akawaeleza kwamba hakuna mtu atakayeingia dukani akaelewa boksi lile linafanya nini. Akawashauri waweke kioo mlangoni, halafu dukani watie ndani nguo za rangi kali na kuliwasha, watu waone zinavyozunguka.

Siku hizi ukiona mashine ya nguo yenye dirisha la mviringo unaona kawaida tu. Zamani haikuwa kawaida, ilibidi mtu akae afikirie.

Kazi zikaanza kumiminika. Alichora pasi ya mvuke, injini za boti za Evinrude, mashine za kukata majani na vyombo vya jikoni. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wabunifu wa bidhaa za viwandani Marekani, pamoja na majina makubwa kama Raymond Loewy na Henry Dreyfuss. Wengi wao walikuwa New York. Yeye alibaki Milwaukee.

Vitu vyake umeviona bila kujua

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, kampuni ya Willys-Overland ilikuwa na gari moja ambalo dunia nzima ililijua, nalo ni Jeep. Lakini lilikuwa gari la jeshi. Raia wa kawaida angelifanyia nini?

Stevens akapewa kazi hiyo. Kulikuwa na kikwazo kimoja kikubwa. Viwanda vya kutengeneza bodi za magari vilikuwa na oda za kampuni kubwa, kwa hiyo Willys ilibidi itumie mashine za viwanda vilivyozoea kukunja mabati ya vyombo vya nyumbani. Mashine hizo haziwezi kutoa mikunjo ya kina wala mapindo ya madoido.

Akachora gari lenye bati karibu bapa na kona za kawaida, linaloweza kupita kwenye mashine hizo. Mwaka 1946 likatoka Jeep Station Wagon, gari la kwanza la familia la aina hiyo kuzalishwa kwa wingi likiwa na bodi yote ya chuma. Yaliyotangulia yalikuwa na mbao, na mbao zinaoza, zinalia, zinataka kupakwa vanishi kila mara. Ili wateja wasishtuke sana, bodi ya chuma ikapakwa rangi zinazoigiza mbao.

Mwaka 1948 ikafuata Jeepster, gari la wazi la kutembelea mjini. Hili halikuuza sana. Lakini kwenye mwaka wa modeli wa 1963 alikuja na Jeep Wagoneer, na hapo akapiga bao. Gari hilo lilizalishwa hadi 1991 likiwa na umbo lile lile la msingi. Wengi wanalihesabu kuwa babu wa magari yote ya kifahari yanayoweza kupanda milima, ambayo leo unayaona yamejaa barabarani.

Kwa Harley-Davidson alisaidia kubuni muonekano wa pikipiki ya Hydra-Glide ya mwaka 1949. Kwa shirika la reli la Milwaukee Road alichora behewa la mwisho la treni lililozungukwa na vioo hadi juu, abiria akae aone milima ikirudi nyuma. Kwa kampuni ya Oscar Mayer, mwaka 1958, alichora upya lile gari la matangazo lenye umbo la soseji, na safari hii soseji ikawekwa ndani ya mkate.

Yaani jamaa alikuwa anaweza kuchora behewa la kifahari asubuhi na soseji yenye magurudumu jioni, na vyote akavichukulia serious.

Sentensi iliyomfuata hadi kaburini

Mwaka 1954 Stevens alialikwa kutoa hotuba Minneapolis mbele ya watu wa matangazo. Mada aliyoichagua ilikuwa kuhusu kupanga bidhaa ipitwe na wakati.

Maneno hayo hakuyabuni yeye. Yalishatumika tangu miaka ya 1930. Lakini yeye ndiye aliyeyabeba, akayatembeza nchi nzima na kuyafanya yazungumzwe kila kona.

Maana yake kwa Stevens ilikuwa hivi: mbunifu amjengee mnunuzi hamu ya kuwa na kitu kipya zaidi kidogo, kizuri zaidi kidogo, mapema kidogo kuliko anavyokihitaji. Hakusema bidhaa itengenezwe mbovu ili iharibike haraka. Alisema ya mwaka huu iwe nzuri, na ya mwaka kesho iwe ya kuvutia zaidi.

Watu hawakusikia hivyo. Walichosikia ni kwamba kuna mtu amekiri hadharani kuwa viwanda vinawachezea akili. Mwaka 1960 mwandishi Vance Packard alitoa kitabu kilichoshambulia utamaduni wa kununua na kutupa, na Stevens akawa kwenye orodha ya watu wa kunyooshewa kidole. Hata wabunifu wenzake wengine walimgeuka, wakaona ameichafua kazi yao.

Yeye alijitetea kwa hoja ambayo sisi wa huku tunaielewa bila kuchorewa. Alisema kitu kilichouzwa na tajiri hakiendi jalalani, kinakwenda soko la mitumba na kumfikia mtu ambaye asingeweza kukinunua kikiwa kipya. Hoja ina ukweli wake. Lakini haijibu swali la mzigo unapofika mwisho wa safari, na swali hilo limekuwa kubwa zaidi sasa hivi, simu na kompyuta zinapobadilishwa kila baada ya muda mfupi.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1960, Brooks Stevens alikuwa na sifa mbili: mbunifu mwenye kipaji, na mtu aliyewafundisha Wamarekani kuchoka haraka.

Kampuni inayokufa

Sasa tuje kwenye gari.

Studebaker ilikuwa kampuni kongwe ya magari yenye makao South Bend, Indiana. Ilianza karne ya 19 ikitengeneza mikokoteni ya farasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 ilikuwa hoi. General Motors na Ford walikuwa na pesa za kubadilisha modeli kila mwaka, Studebaker haikuwa nazo.

Rais wa kampuni, Sherwood Egbert, alimwita Stevens asaidie kwa bajeti ya kubana. Stevens akachukua bodi iliyokuwepo tangu 1953, akaondoa mapezi ya nyuma yaliyokuwa yamepitwa na fasheni, akabadilisha paa na sura ya mbele. Likatoka Gran Turismo Hawk la mwaka 1962. Lilionekana gari jipya kabisa, wakati chini ya bati lilikuwa lile lile. Watu wa fani bado wanalitaja kama mfano wa kufanya mengi kwa pesa kidogo.

Haikutosha. Egbert aliugua na kuondoka mwishoni mwa 1963. Desemba mwaka huo kiwanda cha South Bend kilifungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Uzalishaji ukabaki Canada.

Katikati ya msiba huo, Stevens alikuwa na kazi ya kuandaa magari ya maonyesho ya 1964. Alijua kwamba kupeleka tena magari ya kawaida yenye rangi mpya hakutamshtua mtu. Kampuni inayokufa inahitaji kitu cha kuwafanya watu wasimame na kushangaa.

Wazo: la zamani kwa nje, jipya kwa ndani

Tangu 1957 Studebaker ndiyo iliyokuwa ikisambaza magari ya Mercedes-Benz Marekani. Na Stevens alikuwa mkusanyaji wa magari ya kale. Mwaka 1959 alifungua jumba lake la makumbusho ya magari huko Mequon, karibu na Milwaukee. Kati ya magari aliyowahi kumiliki ni Mercedes-Benz SSK.

SSK si gari la mchezo. Lilitoka mwaka 1928, kazi ya Ferdinand Porsche alipokuwa mhandisi wa Mercedes. Lina injini kubwa ya silinda sita ya takriban lita saba, na supachaja ya kusukuma hewa ndani. Yalitengenezwa chini ya 40. Ni boneti ndefu, viti viwili, na basi.

Wazo la Stevens lilikuwa hili: vipi kama mtu angeweza kuwa na sura na hisia ya SSK, lakini awashe kwa ufunguo, akanyage breki ishike, na ikiharibika apeleke kwa fundi yeyote wa mtaani?

Akaomba chasi ya Studebaker Lark Daytona ya gari la wazi. Aliitaka hiyo kwa sababu gari lisilo na paa linahitaji chasi ngumu zaidi, na hii ilikuwa imeimarishwa kwa vyuma vilivyopishana katikati. Juu yake ikawekwa injini ya Studebaker ya V8 yenye supachaja.

Hapo kazi ya kubuni ikaanza. SSK ilikuwa na boneti ndefu kwa sababu injini yake ilikuwa ndefu. V8 ni fupi na pana. Ukiiacha mahali pake pa kawaida, uwiano wote unaharibika, gari linakuwa na pua nzito na kiti kiko mbele mno. Stevens na vijana wake wakairudisha injini nyuma kabisa, karibu na miguu ya dereva. Faida zikawa mbili. Boneti ikapata urefu wa zamani, na uzito ukagawanyika vizuri kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Usukani nao ukashushwa, maana ule wa Lark ulisimama juu kama wa gari la familia. Bodi ikawa nyepesi, madgadi yakatenganishwa na bodi kama ya enzi zile, kioo cha mbele kikawa kidogo na kilichosimama wima. Gari la Lark lililokuwa la kwenda sokoni likageuka kitu chepesi chenye nguvu nyingi.

Wanawe wawili, David na William, waliingia kazini. Gari lilijengwa kwa takriban wiki sita.

Simu kutoka kwa mabosi

Gari likiwa tayari na maonyesho yamekaribia, Studebaker wakabadili mawazo. Uongozi mpya ulikuwa umeamua kuiuza kampuni kama mahali pa magari ya busara, ya bei nafuu, ya watu makini. Gari la wazi lenye sura ya 1928 lingeharibu ujumbe. Kwa kifupi, halitaonyeshwa.

Ukiangalia kwa upande wao, unawaelewa. Kampuni imetoka kufunga kiwanda na wafanyakazi wamepoteza ajira. Kuweka gari la matajiri mbele ya kamera kungeonekana vipi?

Stevens hakukubali. Akawatafuta waandaaji wa maonyesho mwenyewe, akaomba nafasi yoyote iliyobaki. Akapewa ile ya ghorofani, jirani na kibanda cha soseji.

Kumbe watu wanapenda soseji. Na walipopanda kununua, waliliona gari. Umati ukawa mkubwa kuliko kwenye mabanda mengine mengi ya kulipiwa. Wakaanza kuuliza bei, na oda zikaanza kuingia, wakati Stevens hana kiwanda, hana kampuni, na hana bei ya kuwaambia.

Baba na wanawe

Agosti 1964 familia ilianzisha kampuni Milwaukee. Gari likaitwa Excalibur, jina la upanga wa Mfalme Arthur. Stevens alishalitumia jina hilo mwaka 1952 kwenye magari matatu ya mbio aliyoyajenga juu ya chasi ya gari dogo la bei rahisi liitwalo Henry J. Wakati huo aliota kuuza gari la spoti kwa bei ya mtu wa kawaida. Ndoto haikupata wa kuilipia.

Safari hii kulikuwa na tatizo jingine. Studebaker walikuwa wanaacha kutengeneza injini zao. Stevens aliwafuata watu aliofahamiana nao ndani ya General Motors, wakakubali kumuuzia injini ya Chevrolet Corvette ya V8 yenye nguvu za farasi 300. Mashine ile ile iliyokuwa kwenye gari la spoti maarufu kuliko yote Marekani ikaingia kwenye bodi nyepesi yenye sura ya babu.

Bei ya mwaka 1965 ilikuwa dola 7,250. Haikuwa bei ya kila mtu, lakini ukilinganisha na thamani ya SSK halisi ilikuwa kama chenji.

Wanawe ndio walioendesha kiwanda, David akishika zaidi upande wa uhandisi. Uzalishaji ulikuwa mdogo, magari yakiundwa kwa mikono machache machache kwa mwaka. Watu wa Hollywood walilipenda. Mchekeshaji Phyllis Diller alinunua zaidi ya moja.

Wakosoaji nao walikuwepo. Kuna walioliita gari la kuigiza, mavazi ya sherehe yenye magurudumu. Wapenzi wa Mercedes wengine waliona ni matusi. Lakini nyuma yake kilizaliwa kizazi kizima cha magari ya kifahari yenye sura ya zamani. Uingereza ikatoka Panther J72 mwaka 1972, na Marekani wakaja wengine kama Zimmer.

Miaka ilivyokwenda, Excalibur lilibadilika. Kuanzia 1970 lilipata chasi yake lenyewe. Likawa kubwa zaidi, zito zaidi, lenye mazulia, kiyoyozi na bei iliyozidi kupaa. Sheria za moshi na usalama zikapunguza kasi ya injini. Lile gari jepesi la 1964 taratibu likawa la kupigia picha za harusi. Mwaka 1986 kampuni ilifilisika. Wengine waliinunua na kujaribu kuifufua, lakini haikurudi kuwa ile. Kwa jumla yalitengenezwa takriban 3,500.

Je, alijipinga mwenyewe?

Hili ndilo swali ambalo watu wa ubunifu hawajaacha kubishania.

Upande mmoja unasema Stevens alijipinga. Mtu aliyehubiri upya kila mwaka ndiye aliyethibitisha kwamba watu wana kiu ya kitu kisichobadilika. Isitoshe, Wagoneer lake liliuzwa karibu miaka 30 bila kubadilika umbo, na mstari wa Hydra-Glide bado unaonekana kwenye pikipiki za Harley za leo. Kazi zake bora zilikataa kupitwa na wakati.

Upande mwingine unasema hakujipinga hata kidogo. Mwaka 1964 kila gari lilikuwa la kisasa, hivyo kitu kipya kuliko vyote kilikuwa cha zamani. Alikuwa anauza hamu, kama siku zote. Safari hii tu alikuwa ameigeuza ielekee nyuma.

Kampuni kubwa baadaye zilifika huko huko. Mazda walipotoa MX-5 mwaka 1989 walikuwa wanakumbuka magari madogo ya spoti ya Uingereza. BMW walileta Z8 mwaka 1999 kwa kuangalia gari lao la 507 la miaka ya 1950. Ikaja Mini mpya mwaka 2001, kisha Fiat 500 mwaka 2007. Zote zinafuata kanuni ile ile ya sura unayoikumbuka na mashine ya leo. Stevens alikuwa ameijaribu robo karne kabla, akiwa na chasi ya kampuni iliyokuwa ikifa na wanawe wawili.

Miaka ya mwisho

Akiwa mzee, Stevens alifundisha vijana katika taasisi ya sanaa na ubunifu ya Milwaukee. Makumbusho yake ya magari yaliendelea Mequon, na Excalibur zikiwa humo pamoja na magari ya kale yaliyomfundisha.

Alifariki Januari 4, 1995, Milwaukee, akiwa na miaka 83. Miaka michache baadaye makumbusho yalifungwa na magari yakatawanyika kwa wamiliki wapya. Michoro na kumbukumbu zake zilikwenda Jumba la Sanaa la Milwaukee, ambalo mwaka 2003 lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake zote, kuanzia pasi hadi magari.

Tanzi zake nyingi zilikuwa za kudandia kampuni ya mtu mwingine: jina la kiwanda linabaki, la mbunifu linasahaulika. Excalibur ni tofauti. Lilibaki kuwa la familia ya Stevens, kwa sababu siku lilipohitaji mwenyewe, kampuni iliyoliagiza ilikuwa imelikana.

Leo yaliyobaki yanatunzwa na wakusanyaji Marekani na Ulaya, na yale ya miaka ya mwanzo ndiyo yanayotafutwa zaidi. Injini zake za Chevrolet bado zina spea, kama alivyopanga tangu mwanzo.